Ile Picha ya Makumbusho ni Yangu

Sikilizeni wanangu, na wewe Saul zima hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kushindana na mtu. Rhoda, andika ninavyosema, usinipambie.

Ghorofa hii ya Mtaa wa Kumi nawaachieni nyote wawili, pamoja na makopo ya rangi ya kupaka nyumba tuliyochorea, maana ile ya wasanii ilitushinda bei. Hilo limekwisha. Sasa lile linalonikaba.

Mnajua mimi na baba yenu hatukuwa tukitia sahihi usoni mwa picha zetu. Jina mbele lingevuta jicho, kwa hiyo tuliandika nyuma, tena siku picha inapotoka mlangoni. Baba yenu Anselm alipofariki, wakala wake wa kuuza picha, Kessler, alikuja vioo vikiwa bado vimefunikwa kwa msiba, akakuta picha zimeegemezwa ukutani, zangu na zake, migongo mitupu, akazigonga zote muhuri wa Anselm. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda cha matanga, nikanyamaza. Nilimpenda baba yenu, nikadhani namjengea jina. Ulikuwa upumbavu, na nimeujutia miaka ishirini na sita.

Ile kubwa nyeusi na manjano iliyoko makumbusho ni mojawapo ya hizo, na niliichora mimi. Tazameni brashi ilivyopita: inashuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Anselm alitumia wa kulia. Eti wataalamu wanasifu nguvu za kiume zilizomo! Nguvu za kiume, nami nilikuwa na mimba yako, Saul, ya miezi minane.

Jana umeniambia, "Mama, yaache, utamwaibisha baba." Siyaachi ng'o! Baba yenu ana picha zake nzuri za kumtosha, hahitaji yangu. Wakiitoa ukutani, waitoe. Heri ikae stoo na jina langu.

Nendeni pamoja kwa Kessler. Rhoda aseme, nawe Saul usimame karibu naye, usimkatize. Kessler akicheka, mwacheni acheke, kisha mpeni karatasi hii.

Nawabariki, wanangu. Mungu awape... maji kidogo... awape kazi ya kuipenda, na midomo isiyonyamaza kama wangu ulivyonyamaza.

Rhoda, nisomee jina uliloandika hapo chini. Hapana. Futa hilo "Bibi Anselm Wexman." Andika Perla. Perla Wexman, mchoraji. Soma tena... kwa sauti, Saul asikie.