Mapaja ya Kuku ya Dokta Daphrose

Kijiwe chenyewe ni ubao juu ya matofali, kando ya duka la Rosette muuza kuku, mtaa wa Asiatique. Asubuhi hiyo Rachid, fundi wa magari waliyemwita Turbo, alikunywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliulaza pajani. Kioo cha gari kilikuwa kimemkata mshipa wa damu, na tangu hapo vidole viwili vilikuwa baridi kama spana ya alfajiri. Kesho, hospitalini, mshipa ungeunganishwa. Sindano angeishika dokta kijana, Daphrose, mwalimu wake akisimama kando. Rachid alikuwa bado hajakubali.

— Huyo Daphrose kila siku ananunua kwangu paja la kuku, alisema Rosette toka mlangoni. Na hataki nikate. "Liache zima, mama." Mwezi muzima!

— Anapenda nyama tu, akasema Rachid, akiomba iwe kweli.

— Nyama gani? Analiweka chini ya darubini, anashona mishipa na uzi mwembamba kuliko unywele. Ameniambia mwenyewe.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! akashangilia Shakuru, fundi cherehani. Kwake methali ni kama kifungo: kikiingia tunduni, kinafaa.

— Apana, sha, hamujui kitu, akasema Prodige, aliyeitwa Waziri kwa kuwa hakukosa jibu. Banataka kumushona kuku mpaka atembee tena. Kuku moja, utamula leo, utamula Pasaka. Rosette, funga duka!

— Atatembea bila kichwa? akauliza Rosette.

— Kichwa ya nini? Mi nakunywa kahawa na watu hapa kila siku, banatembea tu.

Wakacheka. Shakuru peke yake aliacha kucheka mapema.

— Lakini mi naogopa kitu kimoja. Ukishona mkono wa shati, sindano ikidaka upande wa pili, mkono unafungika. Mutu anasukuma ngumi, haipiti. Sasa damu je?

Rachid alivitazama vidole vyake.

Ndipo Daphrose akafika, kufuata paja la siku hiyo. Rachid hakungoja salamu iishe.

— Dokta, we ulishashona mshipa ukafungika, damu isipite?

— Mishipa kumi na moja ya kuku, akajibu. Nilipitisha maji, yakakataa. Nikafumua, nikaanza upya. Juma hili yote yanapita.

— Kumi na moja! Prodige akaruka. Turbo, kimbia!

Daphrose hakukasirika. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kweli kujua.

— Basi hiyo kumi na moja, mulitaka niikosee kwenye mkono wa nani?

Rosette akashika kisu, akakirudisha mezani, akamfungia dokta paja zima.

Rachid aliuinua mkono wa kulia, akaunyoosha mbele ya dokta, kiganja juu.

— Kesho saa ngapi?