Swali la Placida Lisiende Kaskazini Peke Yake

Risala ya Wasomaji wa Picha wa Kituo cha Utafiti wa Kaskazini, Lewisham, London, kwa Profesa James Thornbury, Mwenyekiti mpya wa Kamati ya Safari. Imeandikwa na kusomwa na Anselm Mlay katika sherehe ya mwaka ya kitengo, Machi 1986.

Mgeni rasmi, Profesa James Thornbury,
Wakuu wa vitengo mliohudhuria,
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu chini

Tunasema karibu chini kwa sababu chumba chetu kiko chini ya ngazi, na wageni wengi wa Kituo huishia ghorofani. Wewe umeteremka. Umetusalimu kwa Kiswahili ulichokiokota Serengeti, na umemwamkia Mzee Telesphor shikamoo kabla sisi hatujamaliza kukutambulisha. Tumefurahi sana, lakini tuseme mapema kwamba hatukukuita kwa furaha peke yake.

Mwaka jana pia tulikuwa na mgeni rasmi, na pia tulisoma risala, kwa Kiingereza. Tuliiandika kwa utaratibu wa nyumbani: shukrani mbele, shukrani katikati, na ombi huko nyuma, limefunikwa kwa adabu kama mtoto aliyelala. Mgeni yule alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, akasifu sambusa, akatushukuru kwa kumshukuru. Ombi hakuliona hata mkia. Kwa hiyo safari hii kalamu wamepewa vijana, na ombi litasimama wima.

Tulikotoka

Kitengo hiki hakikukusanywa kwa mpango. Mzee Telesphor, aliyekuwa mpima ardhi kule Moshi, alipata kazi hapa kwanza. Akamvuta Abdulsamad, ambaye aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi na alikuwa akisafisha picha katika studio moja ya Edgware Road. Abdulsamad akamvuta Kishor wa Kampala, ambaye familia yake ina duka la vitambaa Tooting. Wengine tukafuata kwa mkondo huo huo, mtu na jirani yake, mtu na shemeji yake.

Placida Kokutona hakuvutwa na mtu. Alikuja na shahada yake ya elimu ya wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaomba kazi ya mtafiti, akapewa ya msomaji wa picha. Aliipokea, akasema ataanzia hapo. Hakusema ataishia hapo.

Tunayoyafanya

Kila majira ya kuchipua ndege hupita juu ya visiwa vya kaskazini, mahali ambapo jua la kiangazi halizami, na hupiga picha. Filamu huletwa kwetu. Tunazilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, tunashika lenzi, na tunahesabu: sili, wale wanyama wa bahari wenye mapezi, walioanikwa juu ya barafu, ndege wa majabali, na wale wanyama wenye pembe za matawi ambao humu ndani tunawaita kulungu wa theluji. Kila picha husomwa na watu wawili wasioonana, kisha hesabu zao hulinganishwa. Zikipishana, picha inarudi mezani na ubishi unaanza. Humu ubishi ni sehemu ya kazi.

Ni katika ubishi wa namna hiyo, mwaka jana, swali lilipozaliwa. Abdulsamad aliona kulungu wametoka bondeni, wamejipanga ufukweni wanakula mwani. Akacheka, akasema, "Jamani, hawa nao wamekwenda pwani likizo." Tukacheka sote isipokuwa Placida. Alikuwa ameinamia picha ya bonde walilolihama, ambako theluji ilikuwa inang'aa kama bati jipya.

"Mnyama haachi malisho yake kwa hiari," alisema. "Huko bondeni kuna kitu kimeyafungia."

Akaandika hoja yake: kwamba huenda mvua ilinyesha juu ya theluji katikati ya majira ya baridi, ikaganda, na kuvu la mawe wanalolila, ule mmea mdogo kama ukoga unaoota juu ya miamba, likabaki chini ya barafu ambayo kwato haziwezi kuivunja. Kama ni hivyo, basi hesabu yetu ya mwaka jana ni ya wanyama walio hai lakini wana njaa, na ya mwaka huu itaanguka. Watu wa huko wanaoishi kwa nyama na ngozi za kulungu hao wanapaswa kujua kabla, si baada. Ghorofani walilijadili swali hilo wiki kadhaa, wakakubali kwamba ni swali zuri. Zuri kiasi kwamba safari ya Mei hii imeandaliwa kwa ajili yake.

Tulipokwama

Mgeni rasmi, swali ni la Placida, lakini safari si yake.

Ameomba mara mbili. Mara zote mbili Kamati iliyokutangulia ilimjibu kwa upole kwamba inamhurumia, kwani baridi ile haimfai mtu aliyezaliwa katika nchi ya joto. Tunaomba radhi, lakini hapa adabu yetu inaishia mlangoni. Wewe ulizaliwa katika nchi ya baridi. Ulikwenda kuhesabu nyumbu Serengeti, jua likakuunguza pua, ukaugua malaria, ukapona, ukaendelea kuhesabu. Hakuna Mtanzania aliyekuambia joto halikufai. Walikupa kofia na maji.

Na baridi yenyewe tunaijua. Januari hita ya chumba hiki iliharibika, nasi tukasoma picha tukiwa na glavu mpaka fundi alipokumbuka kuja. Abdulsamad anasema kama baridi ina mitihani, yeye keshafuzu ya juu kabisa katika kituo cha basi cha Lewisham. Tukayatia haya katika ubeti. Mzee Telesphor alisema risala si mahali pa mashairi. Tulimsikiliza kwa heshima, kisha tukauweka:

*Baridi haina kwao, wala haijui ngozi,*
*Huwabana wenye vyao, huwabana wenye kazi,*
*Dawa yake ni mavao, koti zito na ujuzi,*
*Mwenye swali na aende, jibu akalitafute.*

Ombi letu

Tunalo moja. Hatukuleta la hita, wala la mshahara, wala la dirisha lisilofunga. Hayo tutayaleta siku nyingine, ukipenda kuteremka tena.

Tunaomba Placida Kokutona aende Mei. Majina yanafungwa Ijumaa, na mwenye kuyafunga ni wewe. Watakaokwenda watachimba theluji kuona kilicho chini yake. Yeye anayajua mabonde yale kwa sura, moja moja, kwa miaka miwili ya kuyatazama kutoka juu. Akibaki, atakaa hapa kusubiri kusimuliwa jibu la swali lake mwenyewe.

Sasa, unaijua desturi yetu kwamba mgeni rasmi hakai mikono mitupu. Hupewa zawadi, na huombwa akabidhi kitu kwa niaba ya wote. Zawadi yako ni kahawa ya Bukoba, iko mezani, na ni yako kwa jibu lolote utakalotoa.

Lakini kwenye kiti kilicho mkono wako wa kulia kuna koti. Hatukulifunga karatasi za maua kwa sababu si mapambo. Kishor alilishona dukani kwao Tooting, ndani akaliwekea manyoya matabaka mawili, na mikono akaipima kwa mikono ya Placida. Sisi wengine tumejaribu kulivaa, halitutoshi. Tunakuomba, kama mgeni rasmi anavyomvisha mshindi nishani, umvishe.

Ukimvisha, tutajua jina lake limeingia. Ukishindwa, hatutakuzomea, maana wewe ni mgeni wetu. Koti litarudi kitini, litakaa hapo hapo penye macho ya kila anayeteremka ngazi, na mwakani tutaandika risala nyingine fupi kuliko hii.

Mwenyezi Mungu akupe afya na moyo wa kuamua. Awalinde wote watakaokanyaga barafu ile, awapunguzie njaa wanyama tunaowahesabu, na awarudishe wasafiri wakiwa na jibu.

Ni sisi, Wasomaji wa Picha wa chumba cha chini, Lewisham. Pamoja na Placida, ambaye ameshasimama.