Mwalimu Klementi, Ngisi wa Sudi na Mkono wa Kulia

Taarifa ya hospitali ya tarehe 3 Februari 2025, yenye sahihi za madaktari wawili na muhuri uliokolea, ilitamka kwamba mishipa ya fahamu ya Mwalimu Klementi Chinguile imekoma kupeleka umeme kwenye misuli ya mikono, na kwamba mkono wa kulia hautashika kitu tena. Familia iliipokea taarifa hiyo kwa heshima inayostahili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Kitangari, Newala, mtoto wa tatu wa Mzee Laurenti. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, akaendelea na sekondari na chuo cha ualimu Mtwara, na mwaka 1986 akapangiwa Lindi mjini kufundisha baiolojia.

Alifundisha miaka thelathini na mitano, na somo alilolipenda lilikuwa moja: umeme wa mwilini. Seli ya mshipa wa fahamu, alisema, imerundika sodiamu nje na potasiamu ndani, kama mahasimu waliotenganishwa na ukuta. Ikiguswa, vijilango vinafunguka, sodiamu inavamia ndani, na kishindo hicho kinafungua vijilango vya mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mshipa. Pale umeme unaishia. Kinachovuka kwenda kwa seli jirani ni kemikali kidogo tu. "Hakuna waya," aliwaambia wanafunzi. "Ni kukabidhiana."

Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Bi Justa Namwambe. Nyumba ilitulia hadi mwaka 1991, marehemu aliposoma kwamba ngisi ana mshipa mmoja mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, ila lazima awe ametolewa majini muda huo huo, angali hai. Tangu hapo kila Jumamosi alipanda basi kwenda Sudi, kwa muuza samaki Bi Mwanasha Haruna.

"Kwani Lindi hamna ngisi?" Bi Justa aliuliza.

"Wapo, Mama Bena. Ila wa Mwanasha wanakuwa hai."

"Na mimi je, nimekufa?"

Marehemu alikuwa anatafuta wembe wa kumpasulia ngisi.

Mwaka 1997 Bi Justa alimfuata huko Sudi, amevaa kitenge cha Pasaka. Bi Mwanasha alimpokea vizuri, jambo lililomuudhi zaidi. "Karibu, dada. Huyu mumeo miaka sita hajanitazama usoni. Anawatazama ngisi."

Bi Justa alirudi na wivu wake wote, ila sasa hakujua auelekeze kwa nani. Jioni alimkatakata ngisi wa siku hiyo, akamnyunyizia chumvi, na mnyiri mmoja, ule mkono wa ngisi, ukajikunja. Marehemu alikuja mbio kutoka sebuleni. "Umeona? Chumvi imeamsha mshipa!" Alimshika mkewe kidole, akakigusisha kwenye mnyiri. Bi Justa anakumbuka kwamba hakumwachia mpaka mnyiri ulipotulia. Anakumbuka pia kwamba jambo hilo halikujirudia.

Mwaka 2022 marehemu alianza kudondosha vikombe. Madaktari walisema mishipa inayoendesha misuli inakufa mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe aliwachorea wanawe jinsi inavyokufa, kwa mkono wa kushoto, na akawasahihisha walipokosea majina. Bi Mwanasha alikuja kila Jumamosi na ngisi. Bi Justa alimwekea kiti karibu na mlango. "Kaa huko, usimzibie mwanga," alimwambia, ingawa dirisha lilikuwa upande mwingine.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, saa mbili na nusu asubuhi.

Ameacha mjane, Bi Justa, watoto wawili, Benadetha na Ismael, wajukuu watano, na mdogo wake Valentini, anayesoma wasifu huu. Familia imekubaliana, baada ya mjadala, kumtaja pia Bi Mwanasha. Mungu ampe Mwalimu Klementi pumziko tulivu.

Asubuhi hiyo Bi Mwanasha alibisha hodi saa mbili kamili. Alijifungulia mlango mwenyewe. Bi Justa hakuweza kuinuka. Mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa umemshika kidole.