Vitabu Elfu Mapajani

Fundi cherehani aliyekaa kwenye basi aliacha kusinzia. Mbele yake, mama anayewafundisha wanawe watatu nyumbani alikuwa akimwakia shemeji yake kwa kununua kishikwambi kimoja cha kusomea.

"Kina vitabu elfu, shemeji," alijitetea.

"Na watoto je? Mkubwa akisoma historia, wenzake wasome ukuta?"

"Si watapokezana?"

"Hawapokezani kitu. Watasoma vitabu vyao vya kabatini."

Shemeji akakohoa. "Vile nimeshampa mwenye duka, afungie sukari. Si vyote vimo humu?"

Amelikoroga huyu, fundi akawaza.

Basi likasimama. Mama akashuka bila kuaga. Shemeji akabaki na vitabu vyake elfu mapajani, asione hata kimoja cha kujifichia uso.