Hakuugua kwa Muda Mfupi: Maisha ya Gaudensi Mwadime, 1959–2025

Kaka yangu Gaudensi Mwadime alizaliwa tarehe 11 Machi 1959 hapa Mwatate, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Petro Mwadime na marehemu Mama Klementina Wakesho. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha sekondari Voi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1977. Alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti chochote kilichoandikwa. Sukari ikiletwa kutoka dukani imefungwa kwa gazeti, mama yetu alingoja Gaudensi amalize habari ndipo aimimine.

Mwaka 1980 aliajiriwa bandarini Mombasa kuwa karani wa shehena, na mwaka 2004 akaenda kufanya kazi hiyo hiyo katika Bandari ya Jeddah, Saudia. Aliishi Balad, mji wa zamani, chumba kimoja na Absalom Mghanga, karani mwenzake kutoka Wundanyi, ambaye tuko naye hapa leo. Kiarabu cha kusoma alikipata kwenye makaratasi ya mizigo, na kwa mzee mmoja muuza vitabu chini ya nyumba yao, aliyemsahihisha bila huruma: “Mafi, mafi! Hapana, siyo hivyo! Soma tena.”

Kwa mzee huyo alinunua kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha tabibu wa karne nyingi zilizopita. Tabibu huyo alikuwa ameandikiwa na kijana mmoja ambaye baba yake mzee aliugua katika mji wa mbali, na kitabu kilikuwa jibu lake. Gaudensi alikisoma kwa simu, akitafsiri, kwa binti yake Valentine aliyekuwa akisomea udaktari Nairobi. Sehemu aliyoirudia ni hii: aliye mbali asimuulize mzee anajisikiaje, kwa kuwa mzee atamjibu kama mwenyeji anayepokea mgeni. Amuulize anayekula naye. Sahani ilirudi na nini? Anainuka kitini bila kushika kitu? Usiku analala chali au ameegemea? Na asimwongezee dawa ya pili kabla hajajua ya kwanza imefanya nini.

Tarehe 23 Agosti 1986 alifunga ndoa na Jerusha Mkawasi. Walijaliwa watoto watatu: Valentine, Eric na Hillary. Miaka yote ya Jeddah alikuja likizo kila Desemba, na siku ya kwanza alishika jembe kabla ya kunywa chai, ili majirani wasiseme amekuwa Mwarabu.

Valentine alipata kazi Riyadh mwaka 2019, katika zahanati moja ya mtaa wa Al-Shumaisi. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni safari ya ndege, si ya kutembeleana jioni. Kwa hiyo alimwangalia baba yake kwa simu, na baba alipokea akicheka: “Haya, daktari wa Riyadh, mgonjwa wa Jeddah yuko hapa.”

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Katika ratiba za mazishi tumezoea kuandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Sitaandika hivyo. Gaudensi aliugua tangu Oktoba mwaka jana. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, ngazi za nyumba yao zikamshinda bila kupumzika katikati. Akaficha.

Valentine alifanya kama alivyofundishwa na baba yake mwenyewe. Hakumuuliza yeye tu. Kila Ijumaa alimuuliza Absalom, aliyekula naye sinia moja.

“Mjomba, baba anakula?”

“Anakula, daktari! Jana kasafisha sinia.”

Aliyesafisha sinia ni Absalom. Ameniambia mwenyewe, na akaongeza kwamba shati alilovaa leo lilikuwa likimtosha mwaka jana. Alipoulizwa kuhusu usingizi alisema mzee analala kama mtoto, ilhali mzee alilala ameketi, mgongo ukutani. Gaudensi alikuwa amemwapisha: “Ukimwambia Valentine, ataniita Riyadh, kafili aliyenidhamini kazini atajua, halas, basi, nitarudishwa nyumbani kama mzigo uliovunjika. Nataka kurudi kwa miguu yangu mkataba ukiisha.” Absalom akatii kwa heshima ya mkubwa wake. Nasema mbele yake, na nimemwambia kabla ya leo: heshima ya namna hiyo si heshima. Ni uongo uliovaa suti.

Valentine alipomwomba baba yake awashe video atembee hadi dirishani, mtandao ulikuwa mbaya. Kila mara ulikuwa mbaya. Alipotaka aende hospitali, aliambiwa ameshakwenda, na moyo ni mzima.

Tarehe 12 Juni 2025 Absalom alishindwa kuendelea. Alipiga simu Riyadh, akasema, “Daktari, nimekudanganya miezi yote hii. Njoo.” Jioni hiyo Valentine alikuwa Jeddah. Alimkuta baba yake amevaa shati la kazi, ameketi kitandani, naye mzee akasema, “Mbona umekuja bila kubisha hodi?” Akalazwa usiku uleule. Madaktari walieleza kwamba moyo ulikuwa umechoka kwa miezi mingi, na kwamba miezi hiyo ingetosha kuusaidia. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, Valentine akiwa amemshika mkono.

Katika vikao vya matanga nimesikia maneno. “Daktari gani anatibu kwa simu?” “Waarabu wa Riyadh wamepona, babake amemshinda.” Waliosema wako hapa, wamekaa mbele. Nawajibu kwa ukweli: Valentine aliuliza maswali sahihi kwa mtu sahihi, akapewa majibu ya uongo na watu wawili waliompenda. Na sisi tulio nyumbani hatuna mikono safi. Gaudensi alipokuja Desemba tulimwona akipumzika mara mbili kati ya lango na mlango. Valentine alipopiga simu kuuliza, tulimjibu nini? “Tuko salama.” Sote.

Marehemu alikuwa mwaminifu katika kazi, mpole kwa mkewe, na mkaidi kuhusu mwili wake. Tulimpenda hivyo hivyo, na ingekuwa vyema kama tungempenda kwa ukweli zaidi.

Ameacha mjane, Jerusha Mkawasi, watoto Valentine, Eric na Hillary, wajukuu wanne, na wadogo zake wawili, Griffins na mimi, Susan.

Kikao cha ukoo kilipanga Valentine atie udongo wa mwisho, baada ya wajukuu. Mama Jerusha amekataa. Baada ya padri, mkono wa kwanza kaburini ni wa Valentine, na ukoo utamfuata.

Kaka Gaudensi, Mungu akupe pumziko na amani yake.