Mama Mkwe wa Chumba cha Kukunjia

Muungano wa kampuni, kwa maana yake kamili, ni tendo la kisheria linaloweka mali, madeni na wafanyakazi wa kampuni mbili chini ya uongozi mmoja. Maana hiyo ni sahihi, ila ina pengo: haisemi lolote kuhusu mikono. Mwenzetu anayestaafu tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyetuonyesha pengo hilo lilipo.

Aliingia kazini kama mpokeaji wa nguo katika dirisha la mbele la Nyumba ya Juu, kiwanda cha udobi kilichofua mashuka ya hoteli na, kwa dirisha hilo, nguo za watu wa mtaani. Katika mwaka wake wa kwanza alimkabidhi bwana harusi suruali ya mtu mwingine, asubuhi ya harusi yenyewe. Bwana harusi akaenda nayo hivyohivyo, ikimfika juu ya vifundo vya miguu, na mpaka leo familia ile ni wateja wetu. Alisomea uendeshaji wa biashara jioni baada ya kazi, akapanda cheo kimoja baada ya kingine, hatimaye akawa meneja wa shughuli.

Ndipo Nyumba ya Juu ikainunua Nyumba ya Bondeni, iliyofua mashuka ya hospitali. Vyumba viwili vya kukunjia vikawa kimoja, kile cha madirisha marefu na sakafu iliyong'arishwa na nyayo. Wakunjaji wa Bondeni walipanda kilima na aproni zao za kijani, na mpiga pasi wao, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, akatoa hukumu kabla hajatua mkoba: "Eti tumeoana! Mimi naona tumeolewa, tena bila kuposwa." Kisha akamgeukia meneja aliyesimama mlangoni: "Shikamoo, mama mkwe." Chumba kizima kikaangua kicheko. Meneja akaitikia marahaba kwa uso mkavu, na jina likaganda. Leo hakuna anayelitamka kwa kejeli.

Kazi ilipoanza, ikakwama. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: wakishalinyoosha, mmoja hutembea na kumkabidhi mwenzake ncha zake. Katika Nyumba ya Juu, mdogo kazini ndiye humwendea mkubwa, maana ndiyo heshima. Bondeni, mkubwa ndiye humwendea mdogo, kwa kuwa aliyezoea ndiye ajuaye ncha zinavyokabidhiwa. Hiyo nayo ni heshima. Mama Mkwe alikuwa amepanga jozi kwa kuchanganya nyumba, mkubwa wa huku na mdogo wa kule, akitumaini kwamba watazoeana. Hakuuliza nani hutembea. Basi mkongwe wa Juu na mgeni wa Bondeni walisimama wakisubiriana, shuka likining'inia kati yao kama pazia. Mkongwe wa Bondeni na kijana wa Juu waliendeana kwa haraka wakagongana vipaji vya nyuso. Kila mmoja alikuwa na adabu zake kamili, na kila mmoja alimwona mwenzake hana adabu.

Mrundo wa mashuka ukafika madirishani. Hospitali ikaanza kupiga simu. Washauri waliosimamia muungano wakapendekeza tiba fupi: wakunjaji wa Bondeni waachishwe kazi. Bodi ikakubali, ikamwachia Mama Mkwe atie saini mwisho wa mwezi iwapo mrundo ungalipo. Hoja ya washauri haikuwa ya kipuuzi, kwani desturi moja huenda haraka kuliko mbili. Alichokataa yeye ni hatua iliyofuata katika hoja hiyo, kwamba desturi moja lazima iwe ya aliyenunua.

Jibu alilipata uani kwake, akianua mashuka na mumewe, dereva mstaafu. Alitaka kujua nani kati yao hutembea, akashindwa kubaini. Ndoa ilikuwa imewafundisha wote wawili kutembea bila kuambiana. Mumewe husimulia kwamba shuka lile lilikunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa, yeye akiamriwa kurudi nyuma kama askari wa gwaride, hadi jirani akachungulia kuuliza kama kuna amani.

Kesho yake akatoa kanuni: wawili waondoke pamoja, wakutane katikati. Lakini heshima ya miaka haifutwi kwa tangazo, na wakunjaji waliendelea kutazamana. Akasimama mlangoni, akasema neno moja: "Haya." Wakaondoka. Tangu hapo, kila asubuhi, shuka la kwanza la siku limekunjwa kwa neno hilo. Mwezi ulipoisha, sakafu ilionekana tena, na hakuna aliyeachishwa kazi. Mpiga pasi akafuta maneno yake kwa namna yake: "Kumbe mama mkwe mwenyewe ndiye mshenga!"

Yapo mengine. Aliunganisha safari za magari ya hoteli na ya hospitali, ambayo kwa miaka yalifuatana barabara moja bila kusalimiana. Alizuia pia aproni za kijani zisitupwe. Aliagiza zivaliwe mpaka zichakae zenyewe. Ya mwisho bado inavaliwa, imejaa viraka, na mwenye nayo hataki kusikia habari za mpya.

Mama Mkwe, asante kwa kutuoza bila kutudhalilisha. Mapumziko yako yawe mepesi kama shuka lililoanikwa juani, na uani kwako pasikosekane wa kushika ncha ya pili.

Limebaki jambo ambalo hatujaweza kulimaliza. Kanuni yako imebandikwa ukutani, na kwa maandishi inajitosheleza. Hata hivyo, haijawahi kujaribiwa pasipo wewe mlangoni. Je, kilichotuunganisha ni kanuni, au ni wewe? Asubuhi ya kwanza ya Julai, jozi ya kwanza itakaposhika ncha na kutazamana, ni nani atakayesema "Haya"?