Sauti ya Nne ya Quatuor Tendresse

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Walio Kataki, walio ng'ambo ya mto Lukuga, akina mama mnaoanika ndagala na redio mmeiweka juu ya jiwe, ongezeni sauti kidogo. Ni mimi Bijou wenu. Leo nina furaha na nina machozi, na vyote viwili vinagombania mikrofoni moja. Mnivumilie.

Tunamkumbuka Papa Israël Mbuyu. Ametutoka mwezi uliopita, nyumbani kwake Kataki, akiwa na miaka sabini na kitu. Alifanya kazi relini tangu ujana mpaka pensheni. Lakini mji huu wa Kalemie haukumjua kwa reli. Mji ulimjua kwa Quatuor Tendresse. Wanaume wanne, sauti nne, nyimbo za mapenzi. Papa Israël alikuwa sauti ya nne, ile ya chini kabisa, ile ambayo huisikii kwa masikio, unaisikia kifuani.

Siku chache baada ya mazishi, mjane wake, Mama Émérence, alikuja hapa kwenye biro yetu ya redio. Alikaa kwenye kiti, akakataa soda, akaniambia hivi: "Bijou mutoto wangu, mimi sitaki maneno mengi. Nataka kusikia sauti ya bwana yangu. Si ya kikundi. Yake. Matanga tunaondoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Munitafutie mbele ya siku ile."

Jumamosi yenyewe ni kesho kutwa, wasikilizaji. Na mimi nilimjibu haraka haraka, "Mama, hilo ni jambo dogo sana." Aka! Laiti ningejua.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya sabini, sahani za santuri zilikuwa zinaingia Kalemie na mabaharia kutoka Kigoma. Ndani yake kulikuwa na vikundi vya Wamarekani weusi, wanaume wanne, watano, suti za rangi moja, hatua moja, wanaimba kama wamepigwa na mapenzi mpaka magoti yamelegea. Vijana wanne wa hapa walizisikia wakashikwa. Tony akawa sauti ya kwanza. Mwamba akawa ya pili. Doudou alipanda juu mpaka watu wakauliza kama ni mwanamke. Na Israël akashuka chini. Hakuna hata mmoja aliyejua Kiingereza. Walielewa jambo moja tu, kwamba kuna mwanaume anaomba. Basi wakatunga maneno yao wenyewe, kwa Kiswahili chetu na Kifaransa kidogo cha kujionyesha, wakashona mashati ya rangi ya embe, wakaanza.

Na mji ukawatumia, jamani! Mnajua desturi yetu. Bibi akikasirika akarudi kwao, bwana lazima aende kwa wakwe na wazee wake, na mbuzi, na uso umeinama. Kalemie ikaongeza kitu kimoja. Ukienda kwa wakwe, unakwenda na Quatuor Tendresse. Wanaume wanne wanasimama uani, wanaanza kuomba kwa sauti nne. Papa Tony yuko hai, Mungu amtunze, anasema hivi: "Mwanaume mumoja akiomba musamaha, ni haya. Wanne wakiomba, ni muziki. Mama mukwe mwenyewe anatafuta kiti." Ninyi mnaonisikiliza, wengine mmezaliwa kwa sababu mama yenu alikubali kurudi nyumbani siku ile. Ulizeni. Mtaambiwa.

Sasa, sauti ya kwanza ndiyo inayobeba maneno. Tony alikuwa na maneno, Tony alikuwa na meno meupe, na wasichana wote walikuwa wa Tony. Israël alikuwa na "dum, dum, mmm". Hayo tu. Wimbo mzima, "dum, dum, mmm". Lakini Israël alimpenda Émérence, binti wa Papa François, fundi wa bandarini. Akamwahidi: Jumapili mchana tutakuja kukuimbia kwenu, sisi wote wanne.

Jumapili ikafika. Tony yuko Moba, meli imechelewa. Mwamba yuko kazini. Doudou amekauka koo. Wewe ungefanya nini? Ungetuma mtu akaombe radhi. Israël hakutuma mtu. Alivaa shati lake la embe, akaenda peke yake, akasimama uani kwa Papa François, akaimba sehemu yake. Sehemu yake tu! "Dum, dum, mmm." Kichwani mwake alikuwa anausikia wimbo wote, Tony yupo, Doudou yupo, akadhani na wengine wanausikia.

Papa François akatoka nje. Akamtazama. Akamzunguka. Akamuuliza, "We mutoto, tumbo linakusumbua?"

Israël kwa haya akainamisha kichwa. Mama wa nyumba akamhurumia, akachemsha majani ya mupera, dawa ya tumbo, akamletea kikombe kimejaa. Na Israël akakinywa chote. Kichungu kile! Akashukuru kwa mikono miwili, akaaga, akaenda zake. Émérence alikuwa nyuma ya pazia, amejifunga mdomo kwa kitenge asisikike anavyocheka. Jioni yake shangazi yake alikuja kumuuliza kama anamtaka kijana yule, maana msichana hajibu mwenyewe, anajibu kwa mdomo wa shangazi. Nimemuuliza Mama Émérence alijibu nini. "Nilimwambia, huyu njo wangu, ni yeye nataka," alisema. "Muntu anakunywa dawa ya ugonjwa hana, juu ya kumuheshimu mama yangu, huyo na mimi ataniheshimu. Tony angesema maneno mazuri, na dawa angeimwaga." Papa Tony, kama unatusikiliza, hayo si yangu.

Wakaoana. Wakazaa. Mzaliwa wao wa kwanza ni Bertille, na Bertille ameniambia baba yao alikuwa mtu wa maneno machache sana. "Papa alikuwa anaongea kama anayeweka akiba. Ukimuonyesha matokeo ya masomo anasema mmm. Lakini tulijua mmm ya furaha na mmm ya hasira. Ziko tofauti."

Naona vijana wanatabasamu huko. Nyimbo za wazee! Sawa. Ninyi mna ngoma zenu za kuvunja kiuno, nami nazipenda, msinione hivi. Lakini angalieni harusi ikifika saa ya keki. Nani anaitwa? Yule DJ mwenye kofia anatafuta nini kwenye simu yake? Anatafuta wanaume wanne wanaoomba. Na ukumbi wote unatulia, na mabwana wanashika mikono ya mabibi zao ambao asubuhi waligombana juu ya foronya. Hazichakai nyimbo zile. Mapenzi ni aibu kuyasema peke yako, ndiyo sababu. Unataka watu nyuma yako wakuitikie. Na yule wa chini kabisa, asiyesema neno, ndiye anayekushikia usianguke.

Basi tukatangaza hapa hewani: mwenye kanda ya Quatuor Tendresse alete. Zikaja! Zikaja na mitumbwi kutoka Moba. Ikaja moja kutoka Pepa mfukoni mwa mfanyabiashara wa ng'ombe, inanuka maziwa. Fundi wetu Dieumerci alisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na alkoli, akawa anazungusha kanda kwa penseli mpaka kidole kikavimba. Tukasikiliza zote. Na zote, wasikilizaji, ni Tony. Tony, Tony, Tony. Doudou kidogo. Israël? Ukisikiliza sana unasikia kitu kama injini ya mtumbwi iliyo mbali, na huna hakika kama ni yeye au ni mashine inakoroma.

Tukaelewa kosa letu. Mji mzima tulikuwa na kosa moja. Kila harusi, kila sikukuu, mtu akija na redio-kaseti yake aliiweka wapi? Mbele ya Tony. Miaka yote, wote, mbele ya yule mzuri. Aliyesimama nyuma karibu na ukuta hakuna aliyemsogezea.

Papa Tony alikaa hapa studio akasikiliza kanda moja baada ya nyingine. Kwanza alikuwa anafurahi, anajipigia makofi mwenyewe. Halafu akalia, mzee wa watu. "Nimekula sauti ya rafiki yangu," alisema. "Niliimba kwa nguvu bure. Angalia, hata bibi yake hana cha kusikiliza." Mimi nilitoka nje kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kumwambia Mama Émérence kwamba tumeshindwa.

Ni juzi, saa nne asubuhi, ndipo alipofika mama mmoja juu ya moto, pikipiki ya kukodi, amejaa vumbi kuanzia kope. Mama Christiane, kutoka Bendera. Mnajua Bendera, ndiko mtambo wa umeme uliko. Mama Christiane aliolewa huko, kwenye kambi ya wafanyakazi, na Quatuor Tendresse waliimba harusini kwake. Akafungua kitambaa, akatoa kanda. Akaniomba radhi kabla hata hatujaisikiliza! "Dada, haiko nzuri. Betri zilikuwa zimekufa. Tukachomeka kwa umeme, lakini kamba ilikuwa fupi. Prize ya kuchomekea umeme ilikuwa nyuma, kwa ukuta. Tukaiacha pale chini, nyuma yao. Tony hasikiki vizuri. Bwana yangu alinigombeza sana."

Mimi na Dieumerci tulitazamana. Nyuma yao. Kwa ukuta. Hapo anaposimama nani?

Tukamwita Mama Émérence. Alikuja na Bertille, na Papa Tony alikuwa ameshafika. Dieumerci akabonyeza. Na Papa Israël akajaa chumbani! Kioo cha dirisha kilitetemeka. Sauti nene, laini, imetulia, na Tony kwa mbali kama mtu anayeimba nyumba ya jirani. Mama Émérence alishika ukingo wa meza. Hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na midomo inafuata.

Katikati ya wimbo, Papa Israël anakosea. Ndiyo, anakosea. Wenzake wamenyamaza wote, wanahesabu, na yeye anaingia kabla ya wakati, "dummm", peke yake. Wimbo unayumba, unasimama tena, unaisha, watu wanapiga makofi. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mashine pale chini, tunamsikia Tony wa wakati ule, kwa hasira ya chini chini: "Israël, umeingia mapema! Miaka yote haujakosea hata siku moja. Ulikuwa unaangalia nini?"

Na Papa Israël anajibu: "Émérence ameingia. Nimesahau kuhesabu."

"Bibi yako wa nyumbani? Uliyekuja naye asubuhi?"

"Ndiyo," anasema. "Yeye."

Pale studio Mama Émérence akacheka, akacheka mpaka kilemba kikaanguka, na machozi yakaja hapo hapo ndani ya kicheko. "Huyu mwanaume!" akasema. "Kwa nyumba alikuwa ananiambia tu, chumvi imepungua!" Kisha akajipangusa, akamgeukia Dieumerci. "Rudisha, mwanangu. Rudisha pale alipokosea."

Mama Émérence, Bertille, na watoto wote wa Mbuyu, redio hii na Kalemie nzima tunawapa pole. Mungu awape nguvu, na Papa Israël apumzike kwa amani. Jumamosi tutakuja, na tutakula vizuri, msidhani tutakuja kulia tu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia jambo la kuwaza. Leo mkiwa nyumbani, angalieni nani amekaa nyuma, karibu na ukuta, anaitikia tu. Msogeleeni.

Sasa Dieumerci anaweka kanda. Mtasikia sauti ya chini inaingia kabla ya wakati. Msiseme amekosea. Huyo ni Mama Émérence, anapita mlangoni.